Kipoza Maziwa cha Bomba Ndani ya Bomba: Mwongozo Kamili wa Kuyafanya Maji Yaende Kinyume na Maziwa

Wasindikaji wadogo wa Tengeru na Usa River (Arusha), Machame na Marangu (Kilimanjaro) wanaojitengenezea kipoza, bomba la maziwa likipita ndani ya bomba la maji baridi, hukwama mahali pamoja. Maziwa yanaingia na nyuzi 65, yanatoka na nyuzi 36 au 37. Mtu anaongeza mita sita za bomba, yanatoka na 35. Anaongeza sita nyingine, hayashuki tena. Pesa imekwenda na barafu inanunuliwa vilevile.

Mara nyingi bomba linatosha. Tatizo ni kwamba maji na maziwa yameingizwa upande mmoja, yakasafiri pamoja hadi mwisho. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kujenga kipoza cha lita 2 za maziwa kwa dakika kisichohitaji umeme, jinsi ya kuyaelekeza maji, na jinsi ya kuthibitisha kwa vipimo kwamba umepatia.

## Kwa nini mwelekeo una nguvu hivyo

Joto hupita ukuta wa bomba kwa sababu ya tofauti ya nyuzi kati ya pande mbili. Tofauti ikiisha, kazi imeisha, hata bomba liwe refu kiasi gani.

Maji yakiingia upande uleule wa maziwa, mwanzo unapendeza: nyuzi 65 zinakutana na nyuzi 20. Lakini kadiri yanavyosonga, maziwa yanashuka na maji yanapanda, mpaka yanakutana katikati. Kiwango hicho unaweza kukihesabu kabla hujanunua kitu: ni joto ambalo ungepata kama ungemwaga maziwa na maji hayo kwenye ndoo moja. Kwa lita 2 za maziwa ya nyuzi 65 na lita 4 za maji ya nyuzi 20 kila dakika, ni nyuzi 34.6. Kipoza cha mtiririko sambamba hakiwezi kushuka chini ya hapo, hata ukikijengea mita mia moja.

Maji yakiingia upande ambao maziwa yanatokea, maziwa yaliyokwisha kupoa yanakutana na maji mabichi ya nyuzi 20, na maji yaliyokwisha kupata joto yanakutana na maziwa ya moto kabisa. Tofauti inabaki kila mahali. Hapa kila mita unayoongeza inakulipa, na kikomo chako ni joto la maji yenyewe.

Kwa kipoza kinachoelezwa hapa, hesabu zinatoa matokeo haya. Chako kinaweza kutofautiana kwa nyuzi moja au mbili:

- Sambamba: maziwa yanatoka na nyuzi 36, maji yanatoka na 34.
- Kinyume: maziwa yanatoka na nyuzi 30, maji yanatoka na 37.

Tazama vizuri mstari wa pili. Maji yametoka yakiwa na joto kuliko maziwa. Jambo hilo haliwezekani kabisa kwenye mtiririko sambamba, kwa hiyo ndilo litakalokuwa kipimo chetu mwishoni.

Nyuzi hizo sita si ndogo. Kama baadaye unashusha maziwa hadi nyuzi 4 kwa barafu, kila lita 100 zitakuokolea takriban kilo 7 za barafu.

## Vifaa

Bomba la maziwa:

- Bomba la stenlesi la chakula, kipenyo cha nje milimita 12.7 (nusu inchi), ukuta wa milimita 1. Nunua mawili ya mita 6.
- Mpira wa silikoni wa chakula wa kipenyo cha ndani milimita 12, wenye ukuta mnene, mita 3.

Bomba la maji:

- Bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) la robo tatu ya inchi, mawili ya mita 6.
- Tii (viungo vya umbo la T) za robo tatu, 8.
- Bushi za kupunguza kutoka robo tatu kwenda nusu, 8.
- Nipo fupi (vipande vya bomba vyenye nyuzi pande zote mbili) za nusu inchi, 8.
- Vichwa vya kuchomekea mpira vya robo tatu, 8.
- Mpira wa maji wa presha wa robo tatu, mita 6 pamoja na wa kufikia koki.
- Mpira mweusi mnene wa kipenyo cha ndani milimita 12, mita 1, wa kuzibia.

Vingine: klipu 32, tepu ya nyuzi za bomba (mikato ya skrubu mwishoni mwa bomba), koki mbili (moja ya maziwa iwe ya stenlesi), vipimajoto viwili, ndoo ya lita 10, jagi la lita 1, na fremu ya chuma au mbao.

Usitumie bomba la shaba kwa maziwa. Shaba inapitisha joto vizuri zaidi, ni kweli, lakini inaharakisha kuharibika kwa mafuta ya maziwa na kuyapa ladha mbaya. Isitoshe, ukuta wa stenlesi wa milimita 1 unachukua sehemu ndogo sana ya ukinzani wote wa joto. Kinachozuia zaidi ni tabaka la maji na la maziwa linalogusa ukuta, kwa hiyo shaba isingekupa faida kubwa.

GI inatosha kwa nje kwa sababu inaguswa na maji tu. Karakana za Unga Limited (Arusha) na SIDO (shirika la viwanda vidogo) Moshi ni mahali pazuri pa kuuliza kuhusu kukata na kuchonga nyuzi za bomba kama huna mashine.

## Hatua ya 1: Pima vipimajoto vyako kwanza

Chemsha maji hadi yatokote kwa nguvu, tumbukiza kipimajoto bila kugusa sufuria. Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kinatakiwa kusoma karibu nyuzi 95. Moshi mjini ni karibu 97. Kikisoma 100 Arusha, kina kosa la nyuzi 5, na kosa hilo ni kubwa karibu sawa na tofauti yote tunayoitafuta.

Kisha tumbukiza vyote viwili kwenye maji ya bomba. Visipotofautiana zaidi ya nusu nyuzi, endelea.

## Hatua ya 2: Kata mabomba

Kata stenlesi vipande vinne vya mita 3. Kata GI vipande vinne vya mita 2.5, chonga nyuzi kila mwisho. Piga tupa kingo za ndani za stenlesi mpaka kidole kisihisi ukali, kwa sababu kwenye ukali huo ndipo ukoga wa maziwa unaposhika kwanza.

Onyo: usiunge stenlesi katikati ya bomba la maji. Kila kipande kipite mzima kutoka mwisho hadi mwisho, na viungo vyote vya maziwa viwe nje unapoviona. Kiungo kilichofichwa ndani ya maji kikivuja, presha ya maji itaingiza maji kwenye maziwa na hutajua.

## Hatua ya 3: Unda vipande vinne

Funga tii kila mwisho wa GI, tundu la pembeni likitazama nje. Kwenye tundu la mbele la tii weka bushi, kisha nipo ya nusu inchi. Pitisha stenlesi katikati. Ibaki ikichomoza sentimita 8 hivi kila upande baada ya kuziba.

Kuziba kunafanyika hivi: vika stenlesi kipande cha sentimita 4 cha ule mpira mweusi mnene, karibu na mdomo wa nipo. Juu yake vuta kipande cha sentimita 8 cha mpira wa presha wa robo tatu, nusu yake ikae juu ya nipo na nusu juu ya mpira mweusi. Chovya kwanza kwenye maji ya moto, utalainika. Kaza klipu mbili, moja kila nusu.

Njia hii ina faida mbili. Stenlesi ikipata joto hurefuka kidogo, na mpira unairuhusu. Pia, uvujaji wowote unadondoka nje sakafuni, mbali na maziwa.

Hakikisha stenlesi haijalalia upande mmoja wa GI. Kwa urefu wa mita 2.5 itapinda katikati. Zungushia waya mwembamba wa stenlesi kwa mzunguko mpana, pindo moja kila sentimita 20, kabla ya kuipitisha. Waya unaiweka katikati na pia unayavuruga maji, jambo linalosaidia joto kupita.

## Hatua ya 4: Jaribu presha

Unganisha kila kipande na koki, ziba tundu la pili, fungua maji yote kwa dakika 20. Ndani ya stenlesi pawe pakavu tangu mwanzo.

Mafanikio: hakuna tone linalotoka kwenye stenlesi. Ukiona hata unyevu, kipande hicho kina tundu, kitupe. Uvujaji kwenye mpira wa nje unarekebishwa kwa kukaza klipu.

## Hatua ya 5: Panga kwenye fremu

Vipande vinne vilale kimoja juu ya kingine, sentimita 15 kati yao. Kila kimoja kiinamishwe sentimita 2 kuelekea upande ambao maziwa yatakwenda, ili yasibaki ndani baada ya kazi.

Fremu iwe kivulini. Tanki jeusi juu ya bati la Moshi mwezi Februari linaweza kukupa maji ya moto mchana, na kipoza hakiwezi kupoza chini ya joto la maji yake. Panga kazi asubuhi, au chukua maji moja kwa moja kwenye bomba la mtaani.

Wanaotumia maji ya mfongo (mfereji wa jadi) huko mlimani wana maji ya baridi, lakini yana tope. Yapitishe kwanza kwenye pipa la kutuamisha, kisha kitambaa. Nafasi kati ya mabomba haifiki milimita 5, na tope likituama humo huwezi kulifikia kwa brashi.

## Hatua ya 6: Unganisha maziwa, kisha maji

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Chukua chaki, chora mishale kwenye kila kipande kabla hujavika mpira wowote.

Maziwa kwanza. Yanaingia kipande cha juu upande wa kushoto, yanakwenda kulia. Kona ya silikoni upande wa kulia inayashusha kipande cha pili, yanarudi kushoto. Kona ya kushoto inayashusha cha tatu, kisha kona ya kulia cha nne. Yanatoka chini, kushoto.

Sasa maji. Yaingie kipande cha nne, chini, upande wa kushoto, pale pale maziwa yanapotokea. Yanakwenda kulia. Mpira upande wa kulia unayapandisha kipande cha tatu. Upande wa kushoto yanapanda cha pili. Upande wa kulia yanapanda cha kwanza. Yanatoka juu, kushoto, pale maziwa yanapoingilia.

Kanuni ya kukumbuka: palipo na kona ya maziwa, hapo hapo pawe na mpira wa maji. Kama kona ya maziwa iko kulia na mpira wa maji umeuvusha kutoka kulia hadi kushoto, kipande kimoja tayari kinakwenda sambamba.

Baada ya kuunganisha, pita kipande kwa kipande. Kila kipande kiwe na mishale miwili inayotazamana. Usiridhike kwa kuangalia mwanzo na mwisho tu: kipoza kinaweza kuonekana kinyume kwa nje huku vipande viwili vya katikati vinakwenda sambamba, na kipoza cha namna hiyo ndicho kinachowachanganya mafundi kwa miezi.

Kosa lingine ni kuyagawa maji mara nne, kila kipande kikipata mpira wake kutoka kwenye koki moja. Kila kipande kitapata lita 1 kwa dakika, maji yatatembea polepole mno, na joto litapita kwa shida.

Kwa nini maji yaingilie chini? Mbali na mwelekeo, yanasukuma hewa itoke juu. Yakiingilia juu, hewa inabaki imekaa kwenye mgongo wa bomba, na sehemu iliyoguswa na hewa haipozi chochote.

## Hatua ya 7: Weka mtiririko

Weka chombo cha maziwa juu, mita 1 hadi 1.5 kutoka usawa wake hadi mdomo wa kutokea. Ukinzani wa bomba lote hili kwa lita 2 kwa dakika ni kama sentimita 30 hadi 40 za kimo, kwa hiyo uzito wa maziwa wenyewe unatosha. Pampu haihitajiki, na umeme ukikatika kazi inaendelea.

Anza na maji ya moto ya nyuzi 65 badala ya maziwa. Fungua maji baridi kwanza, subiri yatoke juu bila mapovu. Rekebisha koki mpaka ndoo ya lita 10 ijae kwa dakika 2 na nusu: hizo ni lita 4 kwa dakika. Kisha fungua upande wa moto mpaka jagi la lita 1 lijae kwa sekunde 30.

Subiri dakika 5 kabla ya kupima. Namba za dakika ya kwanza ni za mabomba yenyewe yanayopata joto, zitakudanganya.

## Hatua ya 8: Thibitisha

Pima mahali panne: kwenye chombo cha moto, kwenye mkondo wa moto unaotoka, kwenye koki ya maji, na kwenye mkondo wa maji unaotoka.

Jaribio la kwanza: je, maji yanayotoka yana joto kuliko maziwa (au maji ya moto) yanayotoka? Kwa mtiririko huu, jibu liwe ndiyo, kwa nyuzi kadhaa. Kama jibu ni hapana, rudi kwenye chaki yako.

Jaribio la pili linapima vipimo vyenyewe. Zidisha lita kwa dakika na nyuzi zilizobadilika kila upande. Mfano: upande wa moto lita 2 mara nyuzi 35 ni 70. Upande wa maji lita 4 mara nyuzi 17 ni 68. Joto lililotoka upande mmoja lazima lionekane upande wa pili, kwa hiyo namba hizi zikaribiane ndani ya sehemu moja ya kumi. Zikipishana sana, kipimajoto kimoja au jagi lina kosa.

Ukitaka kuona kwa macho, badilishana mipira ya maji ya kuingilia na kutokea, bila kugusa kingine chochote, upime tena. Mishale yote inageuka, kipoza kizima kinakuwa sambamba. Nyuzi za mkondo wa moto unaotoka zitapanda. Kisha rudisha.

## Ukibadilisha kiasi cha maji

Maji yakiwa haba, mwelekeo unazidi kuwa na maana. Kwa lita 2 za maji kwa lita 2 za maziwa, kikomo cha sambamba ni nyuzi 42. Kipoza hiki kikiwa kinyume kinakaribia 38. Wenye maji ya mgao wanapaswa kulizingatia hili kuliko wote.

Ukiwa na lita 12 za maji kwa dakika, tofauti kati ya mielekeo miwili inapungua hadi chini ya nyuzi 4. Maji mengi hivyo hayapati muda wa kupanda joto, kwa hiyo yanaficha kosa la mwelekeo. Unalilipia kwenye bili ya maji.

Mwelekeo hauna maana kabisa pale upande mmoja unapobaki na joto lilelile, kwa mfano mvuke unaogeuka maji, au koili iliyozamishwa kwenye tanki kubwa la maji yaliyotulia. Na ukiwa unapasha kitu kinachoungua upesi, kama asali, mtiririko sambamba unaweza kuwa bora: asali ya baridi inakutana na maji ya moto zaidi mwanzoni, na inapokaribia kutoka, ukuta umeshapoa.

## Dalili na chanzo chake

Maziwa yalikuwa yanatoka na 30, sasa 34, mipira haijaguswa. Ukoga umeshika ndani. Safisha kabla hujashuku kitu kingine.

Mtiririko wa maziwa unapungua kila baada ya dakika chache. Hewa imeingia kwenye kona ya silikoni, au kona imejikunja. Kona ya sentimita 15 inahitaji mpira wa urefu wa sentimita 30 hivi, usiuvute.

Nyuzi za maji zinapanda na kushuka. Presha ya mtaa inabadilika. Tumia tanki la juu kama kituo cha katikati, lakini kivulini.

## Usafi, na nyuzi 30 zinatosha nini

Nyuzi 30 hazihifadhi maziwa. Kwa mtindi, endelea kuyapoza mpaka nyuzi 20 hadi 25 kisha weka kimea (bakteria wa kugandisha mtindi). Kwa maziwa ya kuuza yaliyopasteurishwa (yaliyopashwa nyuzi 63 kwa dakika 30 ili kuua vijidudu), yapeleke mara moja kwenye barafu au jokofu mpaka nyuzi 4. Kipoza kimeshaondoa zaidi ya nusu ya joto lote, barafu inamalizia.

Mara tu maziwa yakiisha, pitisha maji ya vuguvugu mpaka yatoke maangavu kabisa bila utando. Kisha zungusha maji ya moto yenye kostiki soda, gramu 10 kwa lita, ya nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika 15. Vaa glavu na miwani. Suuza vizuri. Ondoa kona za silikoni, pitisha brashi ndefu kwenye kila kipande. Vipande vilivyonyooka vya mita 3 vilichaguliwa kwa ajili hiyo.

Mara moja kwa wiki tumia asidi ya vyombo vya maziwa kwa kipimo cha kwenye kibandiko, kuondoa ukoga wa madini. Usiichanganye kamwe na dawa ya klorini, hutoa gesi yenye sumu.

Kabla ya maziwa mapya, funga maji baridi, pitisha maji yaliyochemka kwa dakika 10 mpaka yanayotoka yasome nyuzi 85 au zaidi. Yamwage, fungua maji baridi, ndipo uruhusu maziwa. Lita ya kwanza itakayotoka imechanganyika na maji, itenge.